Ndoo Hairudi Tupu

Bonde la Sharbulag,
9 Juni 2007

Mwanangu Narmandakh,

Unapitisha kiangazi salama? Sisi huku wazima, mifugo inaanza kushika mafuta, na yule farasi jike mweupe amezaa. Soksi za sufu ya ngamia nilizokutumia unazivaa? Najua ni Juni. Juni ya mjini nayo ina upepo.

Karatasi zako za idara ya afya zimefika. Dereva wa lori la sufu alizileta zikinuka petroli. Nimezisoma kwa kidole, na kidole changu unakijua, kiliacha shule darasa la tatu kikaenda kuchunga kondoo, kwa hiyo nilianza asubuhi nikamaliza maziwa yameshachemka na kumwagika. Nilipofika kwenye lile neno "tauni" sikupenda kulitamka ndani ya hema. Nilitoka nikaenda kulisomea kwenye zizi la mbuzi.

Watu niliwaita kama ulivyoniagiza. Walikuja wote, maana walisikia nimechachusha maziwa ya farasi. Mzee Luvsan alifika wa kwanza, akakaa mahali pa wageni wa heshima bila kuambiwa, na nilipomaliza kusoma akaniuliza, "Dulam, binti yako anasema hema lenye mgonjwa lisipokee mgeni. Sasa mimi nimetoka mbali, barafu imening'inia masharubuni, nimepiga kelele 'Shikeni mbwa!' kama kila mgeni mstaarabu. Mtaniambia nini? Rudi ukafie mbele?"

Tsermaa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa ananyonyesha. Akamjibu bila kumtazama, "Wewe Mzee hata bila tauni tungekufungia mlango. Unakunywa kama ngamia."

Watu wakacheka, lakini nikaona wanacheka kwa kuogopa. Hakuna hema bondeni humu lililowahi kumwambia mtu kwa mdomo usiingie. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasoma mahali pale sauti ilinipungua.

Halafu zile picha za njano za mkubwa wako wa kazini, za kubandika mlangoni. Usimwambie, lakini mbuzi wa Luvsan alikula moja kabla kikao hakijakwisha, nyingine ilichukuliwa na upepo. Ndipo mume wa Tsermaa akasema, kwani alipozaa mke wangu nilibandika picha? Nilifunga kamba. Na kweli. Kamba ya singa za farasi ikifungwa kwenye hema, ncha ya pili ikachimbiwa chini, kila mtu anajua ndani kuna kichanga au kuna mgonjwa, anageuza farasi wala hanuni. Hilo halihitaji kusoma. Basi tumekubaliana kamba, ila iende mbali zaidi na izunguke mbele yote, mahali sauti inafika na pumzi haifiki.

Kaka yako Jambal hakukaa mpaka mwisho. Alikuwa na farasi wa kutafuta.

Nanusa mashavu yako yote mawili.

Mama yako,
Dulamsuren


Makao makuu ya mkoa,
21 Juni 2007

Mama yangu mpenzi,

Soksi ninazo. Sizivai, lakini ninazo.

Nimempelekea mkubwa wangu habari za kamba. Alisema, "Kamba si mpango." Nikamwambia mpango wake umeliwa na mbuzi. Nisamehe, nimetoboa siri yako kidogo. Alicheka, kisha akasema tufanye zoezi kwanza, tuone kama watu watageuza farasi kweli, halafu nimwandikie.

Chagueni hema moja lijifanye lina mgonjwa kwa siku nzima. Wengine waendelee na shughuli zao kama kawaida, wapite hapo kama wanavyopita siku zote. Wewe angalia tu na uniandikie kila kitu, hata kidogo unachoona hakina maana.

Na naomba urudie mambo haya kwa watu mpaka wachoke. Homa kali ya ghafla, na mtoki unaouma kwapani, kwenye kinena au shingoni: kamba hapohapo. Msingoje kesho. Mtu mmoja ambaye hakuingia mle ndani apande farasi aje wilayani, na wilaya itanipigia simu mimi. Dawa ipo na inaponya, lakini inaponya anayewahiwa.

Na tarvaga, Mama, wale panya wakubwa wa mashimoni. Najua wananona sasa, na najua mafuta yao watu wanayapenda. Tarvaga asiyekimbia ukimkaribia ni mgonjwa. Hata anayekimbia msimguse. Viroboto wake wakimkuta amekufa wanatafuta mwingine wa kumnyonya, na wa karibu ni yule anayemchuna. Sheria ya uwindaji ni jambo jingine, mimi nasema habari ya viroboto. Umwambie Jambal hasa. Kwa nini haniandikii siku hizi?

Binti yako,
Narmandakh


Sharbulag,
4 Julai 2007

Mwanangu,

Zoezi tumefanya na tumefaulu! Mwandikie mkubwa wako leo leo.

Hema la mgonjwa lilikuwa letu, nani mwingine angekubali. Jambal ndiye alikuwa mgonjwa. Alilala na viatu vyake, akawa anakoroma na kusema, "Mama, nakufa, niletee nyama." Nikampiga na kitambaa. Mambo hayo si ya kutaniwa, lakini anacheka huyo hata mazishini.

Mzee Luvsan alipita makusudi kutujaribu. Alizunguka kamba yote juu ya farasi wake, akapiga kelele, "Dulam! Na harufu ya chai nayo marufuku? Puliza basi moshi upande huu!" Nikamwambia ondoka. Mwanangu, neno hilo sijawahi kumwambia mtu mlangoni kwangu. Akageuza farasi kweli. Nilisikia kwato zikienda, nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikaona ujinga, nikaendelea kukanda unga. Wakapita na wengine, vijana waliokuwa wanakwenda kufundisha farasi wa mashindano. Wote waligeuza. Hakuna mguu uliovuka.

Tsermaa ni mtu mwema sana. Alijua sikutoka kukamua, akaleta ndoo ya maziwa, akaiweka chini palepale kwenye kamba, akarudi nyuma. Nikaichukua. Alikuwa na adabu hata ya kusimama mbali mpaka nilipomaliza. Na mimi, unanijua, sikuirudisha tupu. Nilijaza jibini kavu la wiki hii, lile laini ambalo mtoto wake anapenda kulimung'unya, nikalitia kwenye mfuko wa turubai uliokuwa unaning'inia nyuma ya mlango lisiingie vumbi, nikaweka ndani ya ndoo, ndoo kwenye kamba. Akaichukua akaenda zake.

Basi hivyo. Mkubwa wako aseme sasa kama kamba si mpango.

Kula vizuri. Mjini mnakula mikate ya upepo.

Mama yako


Makao makuu ya mkoa,
15 Julai 2007

Mama,

Asante kwa kuniandikia yote. Nakwambia kwa moyo mmoja, hakuna afisa ambaye angeliona hilo na kuliandika.

Ndoo, Mama.

Watu hawakuvuka, ndoo ilivuka. Iliingia na ikatoka. Ilitoka na kitu kilichoshikwa na mikono ya hema la mgonjwa, ndani ya mfuko uliokuwa unaning'inia humohumo hemani, ikaenda moja kwa moja mpaka mdomoni mwa mtoto anayenyonya. Jibini si tatizo kubwa. Mfuko ndio tatizo. Kiroboto anakaa kwenye kitambaa kama sisi tunavyokaa hemani. Lingekuwa jambo la kweli, wa pili kuugua angekuwa mtoto wa Tsermaa.

Nimewauliza wenzangu wa hapa ofisini. Kila mmoja alipofika kwenye ndoo alikiri angeijaza. Wala kwenye karatasi za mkubwa wangu halimo. Yumo mgonjwa, mgeni, mbwa, nyama. Ndoo haimo.

Siku ya kweli chombo kikiingia kikae ndani mpaka kamba ishuke. Au kisiingie kabisa.

Na ule mfuko wa turubai ni wa nani? Nilipoondoka nyumbani hatukuwa na mfuko wa turubai.

Narmandakh


Sharbulag,
29 Julai 2007

Mwanangu,

Barua yako ilinikasirisha. Nakwambia ukweli. Niliikunja nikaiweka chini ya sanduku, sikutaka kuiona. Tangu nizaliwe sijarudisha chombo cha mtu kitupu. Mwaka ule wa baridi mbaya, mifugo ilipokufa imesimama, bibi yako alirudisha kikombe cha jirani kikiwa na punje za sukari, na sukari yenyewe ilikuwa ya mwisho. Halafu binti yangu ananiambia ndoo ya Tsermaa ingemuua mtoto wa Tsermaa.

Kisha nikaanza kumtazama yule mtoto. Kila akikohoa nasimama. Ana meno mawili sasa. Nikaitoa barua chini ya sanduku, nikawaita watu tena.

Mwanangu, tuligombana! Kwenye wageni hatukugombana, kwenye ndoo ndiyo tuligombana. Tsermaa akasema, "Mimi ukikaa na ndoo yangu, nitakamulia nini? Nina moja. Na ukinirudishia tupu nitajua umenichukia."

Nikasema, "Nikikurudishia na kitu utakufa."

"Afadhali nife najua unanipenda."

"Na mtoto je, naye anataka kufa anapendwa?"

Akamvuta mtoto kifuani. Ndipo Mzee Luvsan, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Mtilieni nyasi! Si anakula kama ng'ombe?" Tsermaa akamrushia kiatu cha mtoto, kikampata kwenye kofia. Alipokwenda kukiokota kile kiatu Tsermaa akauliza, safari hii bila hasira, "Nyasi atang'oa nani?"

Tukalizungumza hilo mpaka kondoo wakarudi. Sasa iko hivi. Wa ndani anaweka chungu chake kwenye kamba, anarudi nyuma. Wa nje anamimina maziwa kutoka juu, ndoo haigusi chungu wala haigusi chini. Kisha wa nje anang'oa nyasi upande wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, anatia ndani ya ndoo yake, na wa ndani anasimama mlangoni anamwambia, "Chukua, ni kidogo, usinicheke." Wa nje anayapokea maneno hayo na kwenda. Ndoo haikurudi tupu. Kamba ikishuka, wa ndani atazibadilisha nyasi ziwe kitu cha maana.

Tumelijaribu jana. Tsermaa alicheka, mimi sikucheka, nilipomwambia "ni kidogo" niliona haya kana kwamba ni kweli.

Mfuko ni mfuko tu, mwanangu. Wa kubebea vitu.

Jambal anakusalimu. Yuko na farasi.

Mama yako


Makao makuu ya mkoa,
14 Agosti 2007

Mama,

Nyasi zimeingia kwenye mpango wa mkoa. Mkubwa wangu amezipiga chapa: "Chombo hurejeshwa na mwenyewe kikiwa na nyasi zilizong'olewa nje ya kamba." Aliniuliza mara mbili kama natania. Kisha akasimama dirishani, akasema mama yake naye ana tabia hiyohiyo ya kujaza vyombo vya watu, na akaniambia nipeleke habari hizo kwenye mabonde mengine. Mwambie Tsermaa. Mwambie Luvsan, ila usimwambie vizuri sana, hatutalala.

Mwisho wa mwezi nitakuja. Nimekununulia ndoo ya bati yenye mfuniko, nitaileta imejaa mchele na biskuti zile za maziwa.

Mama, hukunijibu habari za mfuko. Kila nikikuuliza kuhusu Jambal unaniambia farasi. Farasi gani hao wanaopotea kila siku? Sitaki kumshtaki kaka yangu. Akipata homa nataka kujua ametoka wapi. Homa ina sababu nyingi, na daktari asiyeambiwa ukweli huanza na dawa isiyofaa. Tauni haimpi nafasi ya kujaribu ya pili.

Nijibu tafadhali.

Narmandakh


Sharbulag,
26 Agosti 2007

Kwa Narmandakh.

Anayeandika ni mimi Luvsan. Mkono ni wangu, maneno ni ya mama yako. Yeye amesimama mlangoni kwake, mimi niko upande wa huku wa kamba, karatasi iko juu ya tandiko. Karatasi ya ndani haitoki, ndivyo tulivyokubaliana, kwa hiyo anapiga kelele nami naandika. Farasi akitikisika utanisamehe. Anasema:

Mwanangu, Jambal ana homa tangu jana jioni. Asubuhi hii mtoki umetokeza kwapa la kulia, hataki hata shati limguse. Kamba nimeifunga mwenyewe kabla ya kukamua. Ndani tuko wawili tu, mimi na yeye. Tangu jana hakuna mwingine aliyeingia.

(Hapa nimemuuliza mama yako, Jambal amegusa nini? Amegeuka kutazama ndani ya hema. Nimemwambia, Dulam, karatasi inapeperuka. — Luvsan)

Andika hivi. Mfuko wa turubai ni wa Jambal. Ni wa kubebea tarvaga. Anawinda tangu masika, na mimi nilijua. Nilikuambia farasi. Juzi mbwa alimkamata tarvaga bila hata kukimbizana naye, na Jambal akamchuna. Nilimwambia huyu hakukimbia, akasema mbwa ana kasi. Ana mkwaruzo kwenye kidole cha shahada. Nyama hatukula. Iko na ule mfuko nyuma ya hema, nimefunika kwa mawe, na mbwa nimemfunga.

(Watu wote wa bonde wako nyuma yangu juu ya farasi zao, wamesikia kila neno. Tsermaa amemkumbatia mtoto wake ndani ya joho, analia. Mimi nimemwambia mama yako: Dulam, hilo la kuwinda nikiliandika litafika serikalini, watamfunga. Niandike homa peke yake? Amenijibu: Luvsan, wewe ni mwandishi au hakimu? Andika. Nimeandika. — Luvsan)

Wakija kumfunga, wamfunge akiwa mzima.

(Amesema niandike hilo tena. Wakija kumfunga, wamfunge akiwa mzima.)

Njoo na dawa, mwanangu. Umevaa vizuri? Njiani kuna baridi asubuhi.

(Ninakwenda wilayani sasa hivi na farasi wawili, wa kubadilisha. Chai sikupewa. — Luvsan)


Sharbulag, nje ya kamba,
28 Agosti 2007

Mama,

Barua hii nimeifunga kwenye jiwe na kuirusha. Usinijibu kwa karatasi. Nisome tu, na ukitaka kusema, sema kwa sauti, niko hapa kwenye gari.

Aliyeingia kwenu amevaa nguo nyeupe usoni mpaka miguuni ni daktari wetu, si mtu wa kutisha. Mimi nimekatazwa kuingia. Mkubwa wangu alisema anayemtibu mgonjwa asiwe dada yake, atakimbilia ndani. Nimemchukia njia nzima. Tulipofika nilifungua mlango gari halijasimama, na ana haki.

Daktari amekuja na sindano inayofaa, kwa sababu mlituambia tarvaga. Ya kwanza Jambal amechomwa alipoingia tu, na atachomwa kila siku. Atakaa nanyi mpaka homa ikate. Wewe meza vidonge hata kama vinakuchafua tumbo. Watu wote wa bonde nao wamepewa, pamoja na Luvsan, ambaye ameuliza kama vinaweza kumezwa na kitu chenye nguvu kuliko maji.

Nilikuona ulipotoka na birika. Ulifika nalo karibu na kamba, na vikombe mkononi, ukasimama. Kisha ukarudi nalo ndani. Nilitazama pembeni ili usijue nimeona. Sasa nakwambia nimeona.

Mchele na biskuti nimemimina kwenye chungu ulichoweka. Nyasi nimeng'oa mwenyewe, hapa kando ya gurudumu. Uliponiambia "Chukua, ni kidogo, usinicheke" niliinama nikazikandamiza nyasi ndani ya ndoo. Sikujua kwamba mtu wa nje naye huona haya.

Taarifa ninaiandika mimi, na nimeandika yote, pamoja na uwindaji. Nimeandika pia kwamba mama wa mgonjwa ndiye aliyesema, kwa sauti, mbele ya watu, kabla serikali haijamuuliza.

Kesho alfajiri narudi mjini na damu ya Jambal kwa ajili ya kupimwa. Sitakuaga kwa karibu. Nitapiga honi.

Narmandakh


Makao makuu ya mkoa,
13 Septemba 2007

Mama yangu,

Daktari ameniambia kwa simu kutoka wilayani kwamba Jambal amekaa, amekula supu, na amelalamika haina chumvi. Nililia ofisini mbele ya watu. Kipimo kimethibitisha, ilikuwa tauni. Hakuna mwingine aliyeugua, hata mmoja, wala kwa Tsermaa. Mkubwa wangu amesoma taarifa yote, na alipofika kwenye maneno ya mlangoni akavua miwani.

Idara ya uwindaji itamwita Jambal akishapona. Sikuweza kulizuia, na sikujaribu. Unajua kwa nini.

Ndoo yangu iko dirishani na nyasi zake. Zimekauka. Mama anayefagia ofisi alitaka kuzimwaga, nikampigia kelele mpaka akaogopa. Nilipomweleza akaketi kwenye kiti changu, akaniambia kwao wangeweka mawe meupe. Sasa kila asubuhi ananiuliza habari ya kamba, "Bado tu?"

Narmandakh


Sharbulag,
27 Septemba 2007

Mwanangu,

Kamba imeshuka. Daktari ndiye aliyelikata fundo, mimi niliiviringisha. Nguo za Jambal na ule mfuko vilichomwa, na hema limepigwa dawa, mpaka leo chai inanuka dawa.

Tulipomaliza tu, nikasikia, "Shikeni mbwaaa!" Nani mwingine. Alikuwa amesimama nyuma ya kilima anangoja, mzee mzima. Aliingia, akakaa mahali pake, akanywa bakuli baada ya bakuli. Kisha akasema, "Vidonge vya binti yako vilinitia gesi." Ndipo nikajua sote ni wazima.

Tsermaa nimempelekea mwenyewe jibini, siagi, na ngozi ya mwanakondoo kwa ajili ya mtoto. Kila aliyemimina kwenye chungu changu nimempitia. Nimezunguka bonde zima na farasi, siku nzima, mgongo unaniuma. Kila mmoja alikuwa ameweka zile nyasi, hakuna aliyezimwaga kabla sijafika. Mume wa Tsermaa alikuwa amewalisha ng'ombe zake kwa bahati mbaya, akang'oa nyingine haraka aliponiona nakuja. Nilijifanya sikuona.

Kaka yako amekonda, suruali anaishika kwa mkono. Hakungoja kuitwa, alikwenda idara ya uwindaji mwenyewe. Bunduki wameichukua, na faini ipo, tutauza farasi yule mwekundu. Halafu daktari akamwomba apite mabonde ya huko juu awaambie watu habari za tarvaga asiyekimbia. Anakwenda. Anarudi uso umemshuka, anasema wanamcheka, wanamwambia hata mbwa wako alijua yule ni mgonjwa. Nikamwambia wacheke, mradi wamekusikia. Jana usiku alisema, "Mama, siku ile ulipopiga kelele nilikuchukia." Nikasema najua. Akasema, "Nilikuwa nasikia kila neno." Nikasema ndiyo maana nilipiga kelele, nilitaka na wewe usikie. Akageukia ukutani akalala.

Sasa zile nyasi zako zimwage, nje, mahali penye jua. Mwambie yule mama anayefagia kwamba mawe meupe ni mazuri pia. Dereva wa lori anakuletea jibini kavu, siagi, na kipande cha mkia wa kondoo. Jaza ndoo yako. Haikuwa tupu hata siku moja, lakini sasa imejaa.

Chombo nilichotilia vitu hivyo ni bakuli langu la mbao, lile la bibi yako. Usimpe dereva alirudishe. Lilete mwenyewe, na unajua halirudi vipi.

Nanusa shavu lako moja. La pili nitalinusa ukifika.

Mama yako,
Dulamsuren